Sura ya Sita: Chagua Kimoja

Tarehe 7 Juni 2016, yapata saa tano na nusu asubuhi, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine ya kituo ikazidiwa na mzigo, nayo ikajizima. Megawati zaidi ya 180 zikatoweka kwenye gridi kwa mpigo, na Kenya nzima ikakaa bila stima kwa saa kadhaa. Tumbili alipona, akakabidhiwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Friji za nchi nzima hazikuwa na wa kuzikabidhi kwake.

Gitaru iko Embu, upande wa Mbeere, katika mtungo wa mabwawa ya mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo lililotangulia, mwaka 1968. Gitaru, lenye megawati 225, ndilo lenye nguvu kuliko yote matano. Ungedhani basi kwamba mtu wa Embu, na jirani yake wa Meru huko juu, ndio wa mwisho kukosa stima. Sivyo. Sehemu kubwa ya stima ya Tana hupandishwa hadi volti 220,000 ikasafiri kwanza kwenda Nairobi, na mtu wa Kiritiri anaweza kuishi kijiji kimoja na nyaya hizo na bado akawasha koroboi. Ya kwake humfikia kwa njia ya mzunguko, kupitia vituo vidogo, kisha nyaya za volti 33,000 na 11,000 zinazopita juu ya mashamba ya chai, kahawa na miraa, hadi kwenye transfoma moja ya kijivu iliyoangikwa juu ya nguzo karibu na soko.

Kukatika kukubwa huandikwa magazetini. Mwaka 2000 ukame ulikausha mabwawa, stima ikagawanywa kwa zamu. Ijumaa usiku tarehe 25 Agosti 2023 gridi iliporomoka, na hata kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta abiria walikaa gizani kwa sababu jenereta iliyowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo ilikataa kuwaka. Gridi ikaanguka tena Novemba na Desemba mwaka huohuo. Lakini kukatika kunakoharibu maziwa ya mtu wa Nkubu au Runyenjes kwa kawaida hakuandikwi popote. Ni mvua ya Aprili iliyoangusha mgrevilea juu ya waya. Ni nguzo iliyooza chini. Ni fyuzi ya transfoma iliyoruka, na gari la Kenya Power liko upande wa pili wa kaunti na lina orodha ndefu. Hakuna waziri atakayeomba radhi kwa ajili ya transfoma moja. Stima itarudi baada ya saa tatu, au kesho jioni, na kinachomtesa mwenye nyumba ni kutojua itakuwa lini.

Watu wakishachoka na hali hiyo huanza kufikiria kuendesha nyumba nzima. Huuliza bei ya jenereta kubwa au ya sola ya paa zima, wanashtuka, wanaahirisha, na miaka mitano baadaye bado wanatumia tochi ya simu. Ushauri wangu katika sura hii ni mwembamba. Achana na nyumba. Chagua kifaa kimoja ambacho kikizimika kinakutia hasara au hatari, ukipe chanzo chake na njia yake, basi. Mshika mbili moja humponyoka, na kwa stima ya akiba mshika kumi huponyokwa na zote: mtu anawasha birika, jenereta inazimika, na friji aliyoinunulia jenereta inalala pamoja na taa.

Kifaa gani? Jibu haliko kwenye kitabu, liko kwenye nyumba. Kwa mwenye kisukari ni friji yenye insulini, ingawa hapa kuna nafuu ambayo wengi hawaijui: chupa ya insulini inayotumika sasa huweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 30, jambo linalowezekana bila shida Kianjokoma na kwa shida Ishiara. Muulize mhudumu wako wa afya kuhusu aina unayotumia. Zile ambazo hazijafunguliwa ndizo zinazohitaji friji. Kwa mwenye duka ni friza ya nyama au aiskrimu. Kwa kinyozi ni mashine ya kunyoa, ambayo hula wati chache tu. Kwa mwanafunzi wa masomo ya mtandaoni ni kile kisanduku cha Wi-Fi, kinachokula wati kumi hivi na kuendeshwa siku nzima na betri ya ukubwa wa kitabu.

Na kwa wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji ni mashine ya kutotolea vifaranga, ambayo wengi huiita inkubeta. Nataka tuisimamie kidogo, kwa sababu ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa kifaa kimoja kilichopewa njia yake. Mayai hukaa humo siku 21 kwenye joto la karibu nyuzi 37.5. Mashine ya mayai mia moja hivi haihitaji hata wati 150, tena si kwa mfululizo, maana thamostati inawasha na kuzima. Nyingi zinazouzwa sasa zina sehemu mbili nyuma yake: waya wa plagi ya ukutani, na vishikio viwili, chekundu na cheusi, vya betri ya volti 12. Stima ikipotea, mashine yenyewe inahamia kwenye betri bila mtu kuamka. Hakuna inveta, hakuna fundi wa kupasua ukuta, hakuna kitu kinachogusa mita wala swichi kuu ya nyumba. Betri huchajiwa na chaja yake, mbali. Asiye na mashine ya aina hiyo bado ana muda: saa moja au mbili za kupoa haziui mayai ya wiki ya kwanza, na blanketi juu ya mashine huongeza muda. Baada ya siku ya 18 blanketi lisizibe matundu ya hewa, kwa sababu vifaranga walioko ndani ya ganda wameshaanza kuhema.

Friji ni ngumu zaidi, kwa sababu ya kompresa. Nyuma yake, chini, kuna kibandiko. Kinaweza kuwa kimeandikwa wati 100, na mtu akaenda Gakoromone akanunua inveta ya wati 300 akidhani amejipa nafasi mara tatu. Anaichomeka, kompresa inaguna, inveta inalia, zote zinanyamaza. Mota ikiwa imesimama huhitaji msukumo mkubwa ili ianze kuzunguka, mara tano hata saba ya ile namba ya kibandiko, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Inveta lazima iubebe msukumo huo. Kwa friji ya kawaida ya nyumbani tafuta inveta ya wati 1,000, na iwe ya wimbi laini, ile mafundi huita pyua saini. Zile za bei nafuu hutoa wimbi la vidato. Taa haijali, lakini mota huunguruma, hupata moto na huzeeka haraka. Friji mpya zenye kompresa ya kasi inayobadilika huanza polepole, hivyo huridhika na inveta ndogo zaidi.

Sasa betri. Betri ya jeli au ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye makaratasi. Ukiifyonza zaidi ya nusu kila mara utainunua tena mwaka kesho, kwa hiyo hesabu 600. Inveta nayo hula sehemu yake, zibaki 500 hivi. Friji haifanyi kazi wakati wote. Ikizunguka na kupumzika, wastani wake ni kama wati 50. Gawanya: saa kumi. Hiyo inatosha kukatika kwa usiku mmoja, na kama ni betri ya lithiamu yenye ukubwa huohuo, ambayo huvumilia kufyonzwa zaidi, usiku na asubuhi yake.

Kuna kosa moja la uwekaji ambalo nimeliona mara nyingi mno kulipita kimya. Betri inawekwa nje kwenye veranda au stoo, inveta inawekwa jikoni karibu na friji, na kati yake kunavutwa waya mwembamba wa mita sita. Ni kinyume. Upande wa volti 12 ndio unaobeba mkondo mzito: wati 500 kwa volti 12 ni ampia zaidi ya 40, na waya mwembamba utapata moto na kuipunja inveta volti. Upande wa volti 240 wati zizohizo ni ampia mbili tu. Kwa hiyo inveta ikae ubavuni mwa betri, kwa waya mnene, mfupi kadiri inavyowezekana, wenye fyuzi karibu na kichwa cha betri. Kisha safari ndefu ya kwenda jikoni ifanywe na waya wa kawaida wa ekstensheni. Fyuzi hiyo ya betri watu huiruka kwa sababu volti 12 haimpigi mtu. Haimpigi, ila nyaya zake mbili zikigusana huiva nyekundu, na nyumba inaweza kuungua.

Anayependelea jenereta akumbuke mlima. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia tatu na nusu ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, na Meru mjini iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jenereta ndogo iliyoandikwa wati 650 na inayotoa hizo ikiwa Mombasa, Meru hubaki na kama 540. Ukiiwekea friji yenye kompresa nzito huenda ikashindwa kuianzisha, na lawama itaangukia muuzaji. Petroli yake ni kama nusu lita kwa saa. Habari njema ni kwamba friji haihitaji jenereta iungurume mchana kutwa: inaweza kuwashwa na kuzimwa kwa vipindi, mlango ukifunguliwa kwa nadra.

Nimesema kifaa kimoja, chanzo chake, na njia yake. Hayo mawili ya kwanza yanahusu pesa na hesabu. La tatu linahusu uhai, na hapa sitakuwa na haraka.

Ukishanunua jenereta au inveta, swali linalofuata ni hili: nitaifikishaje stima kwenye friji? Njia sahihi ni rahisi kiasi cha kuwaudhi watu. Chomoa plagi ya friji ukutani, ichomeke kwenye ekstensheni inayotoka kwenye jenereta. Stima ikirudi, ichomoe, irudishe ukutani. Mwisho. Watu huiona kama njia ya kimaskini, ya muda, mpaka watakapoita fundi. Mimi nasema hakuna kifaa cha kubadilishia stima kilicho salama kuliko plagi, kwa sababu plagi moja haiwezi kuwa kwenye soketi mbili kwa wakati mmoja. Huhitaji kukumbuka kuzima chochote. Umbo lake lenyewe ndilo linalozuia kosa.

Ila mazungumzo ya dukani huenda hivi mara nyingi:

“Fundi, si unitengenezee tu ule waya wa plagi mbili? Jirani anao. Anachomeka huku kwa jenereta na huku kwa soketi ya ukuta, nyumba yote inawaka.”

“Mzee, huo naweza kukutengenezea kwa dakika tano. Lakini lazima ukumbuke kuzima meni swichi.”

“Nitakumbuka.”

Dakika tano ni kweli, na ndiyo balaa yake. Tazama waya huo kwa karibu. Plagi tunayotumia Kenya, ile ya miguu mitatu bapa iliyoanzia Uingereza mwaka 1947, ilibuniwa kwa kumfikiria mtoto. Ndani ya soketi kuna vifuniko vidogo vinavyoziba matundu ya laivu na nyutro, navyo hufunguka tu mguu mrefu wa juu, ule wa athi, unapoingia. Mtoto akichokoa kwa msumari matundu yale mawili ya chini, anakutana na plastiki. Upande wenye stima siku zote ni wa matundu. Upande wenye miguu ya shaba haupaswi kuwa na stima isipokuwa umeshazama ukutani. Waya wa plagi mbili unageuza mpango huo wote. Chomeka upande mmoja kwenye jenereta, na miguu ya plagi ya upande wa pili, mitupu, inayong'aa, iliyo mkononi mwako gizani, ina volti 240. Ukiiangusha kwenye sakafu yenye maji ya mvua, au mtoto akaiokota, soketi yenye vifuniko haiwezi kumsaidia mtu.

Hiyo ni hatari ya ndani ya nyumba. Ya nje ni kubwa zaidi. Stima inayoingia kupitia soketi ya ukuta haijui kwamba imekuja kwa ajili ya friji. Inapanda hadi kwenye swichi kuu, na kama haikuzimwa inapita kwenye mita, inatoka kwenye nguzo, inafika kwenye transfoma. Transfoma haina mbele wala nyuma. Ile iliyojengwa kushusha volti 11,000 zifae nyumbani, ukiilisha volti 240 kwa upande wa chini, hupandisha juu maelfu ya volti. Mara nyingi jenereta ndogo huzimika papo hapo, kwa kuwa inajaribu kubeba kijiji kizima, na wenye waya huo huchukulia kuzimika huko kama ushahidi kwamba hakuna neno. Lakini fikiria siku ile ambayo mti umekata waya mita chache kutoka kwako, au majirani wameshazima kila kitu wakalala. Mzigo ni mdogo. Jenereta inahimili. Na kijana wa Kenya Power yuko juu ya nguzo kwenye mvua, akiwa ameambiwa kwamba laini haina stima. Utaratibu wa kazi yake unamtaka aipime laini na kuifunga ardhini kabla ya kuigusa, na anayeufuata huokoka. Si haki uhai wake utegemee kumbukumbu ya mtu aliyeamka saa nane usiku kuokoa maziwa.

Na Kenya Power ikirudisha stima ungali umechomeka, mawimbi mawili ya volti 240 yasiyoenda sawa hukutana ndani ya jenereta yako. Jenereta ndiyo inayoshindwa. Huungua, au huwaka moto.

Basi vipi kwa vifaa visivyo na plagi? Swali hilo ni la haki. Pampu ya maji ya kisima, kwa mfano, mara nyingi huunganishwa moja kwa moja kwenye waya wa ukutani, haichomolewi. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe pia. Hapo ndipo inapohitajika swichi ya kubadilishia, ile mafundi wetu huiita chenjova, na si lazima iwe ile kubwa ya nyumba nzima. Kuna ndogo za saketi moja. Mpini wake una vituo vitatu: moja, sifuri, mbili. Moja ni Kenya Power, mbili ni jenereta, na katikati ni sifuri ambapo kifaa hakina kokote kunakotoka stima. Huwezi kutoka moja kwenda mbili bila kupita sifuri. Uifungue ndani uone: ni ekseli moja inayozungusha vipande vya shaba, na kikigusa upande huu kimeshaacha ule. Ni kanuni ileile ya plagi, imefungiwa kwenye kisanduku.

Unapoinunua angalia mambo mawili. Kwanza, ikate laivu na nyutro pamoja. Fundi mwenye haraka hubadilisha laivu peke yake na kuiacha nyutro imeunganishwa kote, akisema nyutro haina stima. Kwenye mfumo ulio mzima, kweli haina nyingi. Lakini siku ambayo waya wa nyutro wa barabarani umekatika, nyutro yako hubeba volti za watu wengine, na nyutro ya jenereta yako ikifika barabarani inakuwa sehemu ya tatizo lao. Pili, upande wa jenereta ufungiwe kiingilio cha ukutani chenye miguu iliyozama ndani ya kifuniko, na jenereta iletwe kwa waya wenye plagi upande mmoja na soketi upande mwingine. Kwa namna hiyo hakuna mahali popote ambapo shaba iliyo wazi ina stima. Kazi hii si ya kijana wa mtaa aliyejifunza kwa kutazama. Sheria inataka fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, na huna haja ya kuona aibu kumwomba akuonyeshe kadi. Asiyetaka kuionyesha amekujibu.

Pampu nayo ina njaa. Ya nusu farasi ni wati 375 za kazi, lakini huvuta zaidi ya hizo kutoka kwenye waya na kuanza kwa kishindo kama friji, hivyo jenereta ya kilowati mbili si anasa. Mwenye tangi juu ya mnara hana haja ya stima ya akiba hata kidogo. Tangi lililojaa ndilo betri yake. Ni ajabu jinsi watu hununua jenereta ya pampu kabla ya tangi.

Moshi. Watu wa huku milimani wanajua habari za jiko la mkaa lililoachwa chumbani usiku wa baridi Julai. Jenereta hutoa gesi hiyohiyo, kaboni monoksidi, kwa wingi zaidi, na haina harufu ya kukuonya. Unachonusa ni petroli tu. Isikae kwenye veranda, wala gereji yenye mlango wazi, wala chini ya dirisha la jikoni kwa sababu waya haukufika. Nunua waya mrefu zaidi. Wanaoificha ndani huogopa wezi, na hofu hiyo ina msingi. Ifunge kwa mnyororo kwenye mti, mita sita au zaidi kutoka nyumbani, chini ya kibanda kisicho na kuta.

Kabla ya kutumia shilingi yoyote, hata hivyo, jaribu barafu. Kilo kumi za barafu zikiyeyuka hunyonya takriban wati-saa 930 za joto. Chupa kumi za plastiki za lita moja, zilizojazwa maji zikaachiwa nafasi kidogo ya kutanuka, zikalala kwenye friza tangu wiki iliyopita, zinafanya kazi kubwa kuliko ninavyoweza kumshawishi mtu anayetaka kununua betri. Hamishia nusu yake kwenye friji stima ikipotea, insulini isiguse barafu, na funga mlango. Friza iliyojaa pomoni huhimili hadi saa 48 ikiwa haikufunguliwa. Iliyojaa nusu, saa 24. Friji peke yake ni kama saa nne. Mwenye friza ya duka Maua anaweza kugundua kwamba kukatika kwingi anakokuogopa ni kufupi kuliko baridi aliyo nayo tayari, na kilichokuwa kinamponza ni wateja wanaofungua mlango kuuliza kama soda ni baridi.

Stima inaporudi hurudi kwa fujo, ikipanda na kushuka, na mara nyingine hukatika tena baada ya dakika moja. Kompresa iliyozimwa ghafla huhitaji dakika tatu hadi tano shinikizo la gesi ndani yake lilingane. Ukiiwasha kabla ya hapo inasukuma ukuta. Ndiyo kazi ya kile kisanduku kinachokaa kati ya friji na ukuta, ambacho karibu kila duka la Embu na Meru huuza kwa jina la friji gadi: kusubiri. Kwa maoni yangu ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko bei yake katika sura hii nzima.

Limebaki jambo la sola, maana maswali yake yamekuwa mengi. Yako mapaa yenye paneli ambayo stima ikikatika mchana wa jua kali, nyumba chini yake haina hata taa. Wenye nyumba hudhani wametapeliwa. Inveta iliyounganishwa na gridi bila betri hujizima kwa makusudi inapoona gridi imekufa, kwa sababu ileile tuliyoitaja: isije ikalisha laini anayoishika fundi juu ya nguzo. Mwenye inveta ya mseto, yenye betri, yuko katika hali nyingine. Inveta hiyo huwa na vitoleo viwili vya stima, kimoja cha gridi na kimoja cha akiba, na mafundi wengi hukiacha hiki cha pili bila kukiunganisha kwa kuwa mteja hakuuliza. Uliza. Mwambie avute waya kutoka hapo hadi soketi moja tu, ya friji, isiyounganishwa na saketi nyingine yoyote ya nyumba, iwekwe alama ya rangi, na kila mtu wa nyumba hiyo, mgeni wa Krismasi akiwemo, ajue kwamba birika na pasi hazichomekwi hapo.